Lori Lililokataa Kuingia Kwenye Simu

Wenzangu mnaobaki atelier, karakana yetu, mmeniomba niandike kuhusu miaka yangu ya kazi, na mmoja wenu amependekeza nianze na vyeo. Vyeo vyangu vilikuwa viwili, na cha pili kilikuwa jina jipya la cha kwanza, kwa hiyo tuviache vipumzike. Nitaandika juu ya kazi yenyewe: nilivyoingia, walionifundisha, na hasa ule mchezo wa lori uliokaribia kututoa jasho bure. Nilikuwa fundi wa ordinateri, yaani kompyuta. Wakati ninaanza, watu wa Bukavu walituletea mashine kama wanavyopeleka mgonjwa hospitalini, ndugu wanne wakiisindikiza na mmoja akiuliza kama itapona.

Siku ya kwanza nilifika Ibanda nimevaa tai. Muzee Safari, mkuu wa atelier, alinitazama kuanzia tai hadi viatu, akafungua droo, akanipa brashi ya mpaka rangi.

“Anza kufuta vumbi,” akasema. “Na kravati uiweke mu mufuko. Ventilateur inapendaka kravati.”

Nilidhani ananitania, mpaka nilipoinamia mashine iliyo wazi na kuona feni yake ikizunguka karibu kabisa na kidevu changu. Tai ile sikuivaa tena kazini. Niliivaa siku ya harusi yangu, mbali na mashine yoyote.

Muzee Safari alikuwa na vifaa vinne tu alivyoviamini: brashi, bisibisi, kipimo cha umeme na kaye ya shule. Katika kaye aliandika kila alichokipima, hata kama ni upuuzi. Kanuni yake ilikuwa fupi: “Upime, uandike, kisha useme.” Wengi wetu huanza na la mwisho. Alitukataza pia kubadilisha vitu viwili kwa mara moja, kwa sababu mashine ikipona hutajua ni dawa gani imeiponya, na ikifa utagombana na dawa zote mbili.

Kesi yangu ya kwanza ngumu ilitoka Kavumu. Wakulima wa ushirika mmoja walikuwa na ordinateri iliyozima kila mchana, saa nane au saa tisa. Niliibadilisha vyombo vya ndani siku tatu mfululizo. Kwetu atelier mashine ilifanya kazi vizuri sana, ikirudi Kavumu inazima. Muzee Safari aliniuliza swali moja tu: kule inakaa wapi? Sikujua. Tulipanda gari tukaenda. Tuliikuta mashine mezani imefunikwa kitambaa kizuri cha kufuma kwa mkono, na maua juu yake. Katibu wa ushirika aliiheshimu mno, na kitu chenye heshima hakiachwi uchi. Mashine ilikuwa inakosa pumzi. Tuliondoa kitambaa kwa adabu, tukashauri kiwekwe juu ya redio. Njia nzima ya kurudi Muzee Safari, Mungu ampe mapumziko mema, hakunicheka hata kidogo. Ningefurahi zaidi kama angecheka.

Miaka ilikwenda, mashine zikapungua unene zikaingia mifukoni, na Muzee Safari akatuacha. Nikawa mimi ndiye muzee wa atelier, jambo ambalo linamtokea yeyote asiyeondoka. Ndipo akaja Maman Riziki. Alikuwa amefundisha hesabu shuleni Sange, na baba yake alikuwa dereva wa malori barabara ya Uvira. Kuandika programu alijifunza mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima na simu yenye kioo kilichopasuka. Nawaambieni wazi: mwanzoni sikumwamini. Mtu aliyejifunza peke yake, nilisema moyoni, atakuwa na mashimo. Alikuwa nayo, lakini alijua kila shimo liko wapi, na hilo ni nadra hata kwa waliosoma Ulaya.

Maman Riziki alitaka kutengeneza mchezo wa kufundisha hesabu. Mchezaji ni dereva. Anatoka Bukavu na lori lililojaa magunia, abiria wamekaa juu yake, anaelekea Mwenga. Akifika kwenye shimo la matope, lile tunaloita bourbier, anapiga hesabu: lori lina uzito gani, magunia mangapi yashushwe ili lipite, na yabebwe begani mara ngapi hadi ng’ambo. Akikosea, lori linazama mpaka milangoni na abiria wanaanza kumsema dereva. Kusemwa huko ndiko kulikokuwa utamu wenyewe. Sauti zilikuwa za watu wa kweli, kwa Kiswahili, Mashi, Kirega na Kifaransa. Maman mmoja wa Mwenga, aliyekuja kumtembelea binti yake chuoni, alitupa matusi safi ya Kirega yasiyo na dhambi hata moja, binti akitutafsiria huku amejificha uso kwa mikono.

Mchezo ulikuwa wa wazi. Maana yake, maandishi yake ya ndani, yale yanayoiambia mashine ifanye nini, tuliyaweka hadharani ili yeyote ayasome, ayasahihishe na kuyagawa bila kuomba ruhusa. Kila anayebadilisha kitu anaacha mstari mmoja wa maelezo: nimebadilisha nini, kwa sababu gani. Mistari hiyo haifutiki. Mimi niliyezoea kaye ya Muzee Safari niliupenda utaratibu huo mara moja.

Shirika moja lilikuwa limepata simu za kugawa katika shule za ndani ya Mwenga, na msimamizi wake, Papa Bisimwa, tuliyemwita Coordo, alikubali kuuingiza mchezo wetu ndani ya simu hizo. Kule hakuna mtandao. Simu zikiondoka Bukavu bila mchezo, zimeondoka bila mchezo, hakuna cha kuongeza baadaye. Na simu zenyewe zilikuwa za aina ndogo kabisa. Kila mchezo ulipewa megabaiti tisini na sita za kufanyia kazi. Ukizidi hapo, simu inaufunga bila kuaga. Mchezo wetu ulifika bourbier ya tatu na kufungwa. Kila mara, bourbier ya tatu.

Nikasema, niachieni mimi. Papa Bisimwa aliniuliza tatizo ni nini, nikamjibu kwa sauti ya mtaalamu: mémoire. Sasa, nyinyi mnajua neno hilo lilivyo mjini kwetu. Simu ikikataa kupiga picha tunasema mémoire imejaa. Kadi ndogo ya muziki ni mémoire. Mwanafunzi akichelewa kumaliza chuo, ni kwamba mémoire yake, yaani tasnifu, iko kwa profesa. Neno moja limebebeshwa mizigo mitatu, na mimi nilichukua mzigo wa kwanza nilioukuta. Nilifungua kabrasha la mchezo, nikaona uzito wake ni megabaiti mia moja arobaini, nikaanza kubana picha. Picha ya anga, picha ya matope, picha ya kila gunia. Wiki tatu. Nilifika thelathini na moja, nikatembea ofisini kama mtu aliyepata mtoto wa kiume.

Lori lilifika bourbier ya tatu, likafungwa.

Nililaumu betri. Nililaumu kiwanda cha simu. Kisha nikaanza kubana sauti pia, mpaka yule maman wa Mwenga akawa anaongea kama yumo ndani ya debe. Hapo Maman Riziki akavuta kiti, akaketi kando yangu. Mwenzetu mwingine alikuwemo chumbani, lakini Maman Riziki aliongea polepole ili nisikie mimi peke yangu.

“Papa Déo, ulipima mémoire gani?”

“Iko ngapi?”

“Mbili. Iko ile ya kuchunga na ile ya kutumikia. Weye ulipunguza ya kuchunga. Simu inatufungia juu ya ile ya kutumikia.”

“Lakini picha zimekuwa ndogo!”

“Ni ndogo zikilala. Maharagi makavu inaenea mu kopo, Papa Déo. Kwa moto, inaomba sufuria.”

Nikaelewa: ya kuchunga ni ya kuhifadhi, ya kutumikia ni ya kufanyia kazi. Simu inapoonyesha picha huikunjua yote, kila nukta na rangi yake, hata uwe umeibana namna gani. Wiki tatu nilikuwa nimepanga kopo vizuri wakati sufuria ndiyo iliyofurika. Nilikuwa nimesema kabla ya kupima, mimi niliyewahubiria wenzangu miaka yote. Maman Riziki alinipa mkono wa pole, akaongeza kwamba kabrasha dogo litasaidia wakati wa kunakili mchezo kwenye simu nyingi. Ilikuwa kweli. Angeweza kunyamaza, nami ningeona aibu yote nzima. Yeye alitafuta kipande cha kazi yangu chenye faida akakiweka mezani.

Kisha akafanya kazi ambayo mpaka leo naistaajabia. Alikata barabara yote vipande vipande. Dereva aliyeko Walungu haoni Mwenga, kwa nini simu ibebe Mwenga? Kila kipande kilipakiwa lori likikikaribia na kushushwa likikipita. Aliandika kwanza kwa penseli, kurasa kumi na mbili, akihesabu kila picha ikikunjuliwa inakula kiasi gani, ndipo akagusa mashine. Alinionyesha pia kipimo ambacho sikuwa nimekijua: mstari unaochorwa kwenye skrini wakati mchezo unaendelea, ukipanda na kushuka kadiri mémoire ya kutumikia inavyoliwa. Kwangu ule ulikuwa kipimo cha umeme kipya. Nilikipenda siku hiyo hiyo.

Lori likapita bourbier ya tatu. Tulipiga makofi. Likafungwa bourbier ya saba.

Papa Bisimwa alikuja Jumatatu. Ni mtu mwema, lakini alikuwa na lori la kweli lililokodishwa kwa Ijumaa, na dereva wa kweli asiyesubiri.

“Mutoe lugha zingine, uzito ipunguke,” akasema. “Mubakishe français. Batoto banasoma français ku masomo, si njo vile?”

Maman Riziki hakuinua sauti. “Coordo, mutoto wa Mwenga, ile lori ikimusemesha français peke, atasema ni ya benye kutoka Bukavu. Hataisukuma.”

“Sasa tufanye aje? Ijumaa ni Ijumaa.”

“Utuachie mpaka Alhamisi.”

“Alhamisi saa sita. Kisha hapo, ni français.”

Akaondoka. Maman Riziki alifungua kabrasha la sauti. Miaka miwili alikuwa amekusanya sauti hizo, akiwafuata watu sokoni, kanisani, kwenye vituo vya magari. Kuzitoa kungechukua dakika tano.

Aliketi kusoma maandishi yake upya, mstari kwa mstari. Mimi kusoma maandishi yale sikuweza vizuri, basi nikafanya ninachokijua. Nikachukua kaye. Nikacheza safari nzima bila abiria hata mmoja, magunia peke yake. Mstari wa kipimo ulipanda kidogo na kushuka, ukapanda na kushuka, lori likafika Mwenga bila shida. Nikaandika. Kisha nikapakia abiria mmoja tu, yule maman wa Kirega, nikamshusha kituo cha kwanza kabisa. Mstari ulipanda alipopanda. Aliposhuka, mstari ukabaki pale pale. Nikarudia mara tano, kwa abiria watano, nikimbadilisha mmoja mmoja. Wote vivyo hivyo: wakiingia wanahesabiwa, wakitoka hawatoki.

“Maman Riziki, kuya uone. Maman amesha kushuka, lakini iko angali ndani.”

“Alishuka. Namuona kwa écran, iko anaenda na kitunga yake.”

“Kwa écran, ndiyo. Kwa chiffre, hapana.”

Alitazama tarakimu kwenye kaye yangu. Akafungua ukurasa fulani wa maandishi, akauelekeza kidole, kisha akafunika mdomo.

“Feuille de route,” akasema.

Mnaijua karatasi hiyo: orodha ya abiria na mizigo ambayo dereva anabeba na kuionyesha kwenye kila kizuizi. Maman Riziki alikuwa ameiweka ndani ya mchezo. Kila abiria aliyepanda aliandikwa humo, na kwa kuwa aliandikwa, simu ilishika kila kitu chake, jina, picha na sauti, mpaka mwisho wa safari. Kushuka hakukumfuta.

“Juu ya nini haukumufuta?” nikauliza.

“Papa yangu alitufundisha: mu feuille de route hatufutake jina. Siku moja abiria mumoja alishuka mbele ya kufika, papa akamupigia mustari. Ku barrière bakamuuliza: huyu ulimupeleka wapi? Alilala pale siku mbili. Nilikuwa mutoto. Njo vile niliandika, bila hata kufikiri.”

Nimeona makosa mengi katika kazi hii, mengi ya uvivu, mengine ya kiburi, na langu la wiki tatu lilikuwa na vyote viwili. Kosa hili lilikuwa la binti aliyemsikiliza baba yake. Mtu wa nchi nyingine angemfuta abiria bila kuwaza, na mchezo wake ungeenea kwenye simu siku ya kwanza. Nilimwambia hivyo. Alicheka huku machozi yakimtoka, nami sikujua niangalie wapi, nikaangalia kaye.

“Sasa tumufute?” nikauliza.

“Hapana.” Alifikiri. “Jina ibakie. Jina haina uzito. Sauti na picha ndiyo ishuke naye.”

Ilimchukua mistari minne. Feuille de route ikabaki kamili, kila jina tangu Bukavu, lakini kila aliyeshuka aliondoka na mzigo wake. Tuliweka mchezo kwenye simu ndogo kuliko zote. Umeme ulikatika katikati ya jaribio, simu ikaendelea kwa betri yake, na kwa mara ya kwanza nikaipongeza betri niliyoitukana. Lori lilipita bourbier ya saba, ya nane, likafika Mwenga na lugha zote nne. Mstari haukuvuka themanini na tisa. Sauti nilizokuwa nimezifanya za debe tulizirudisha zilivyokuwa. Ilikuwa Jumatano, adhuhuri.

Kabla ya kutangaza toleo lile, Maman Riziki aliandika ule mstari wa maelezo usiofutika. Nilimwona akiuandika, sikudhani unanihusu. Ulisema: Kosa ni langu, Riziki, aliyeliona ni Papa Déo, kwa kaye na uvumilivu. Uko hadharani mpaka sasa, mtu wa China akitaka atausoma. Katika miaka yangu yote hakuna aliyewahi kuandika mahali pa wazi kwamba nimefanya kazi fulani. Nilitoka nje nikajifanya naangalia nyaya.

Simu ziliondoka Ijumaa. Baada ya hapo kimya, kama kawaida ya njia ile. Mvua zilikuja, barabara ikakatika, ikatengenezwa, ikakatika. Papa Bisimwa hakuwa na habari. Mimi nilihesabu siku za kustaafu, na Maman Riziki alifundisha watu wengine wawili jinsi ya kusoma ule mstari wa kipimo. Alikuwa haulizi kuhusu Mwenga, lakini kila mtu wa huko akipita atelier, alimletea kiti.

Wiki yangu ya mwisho kazini, mwendesha pikipiki mmoja alileta bahasha iliyoloa. Ndani mlikuwa na kadi ndogo ya mémoire na karatasi kutoka kwa mwalimu wa shule moja, mbali zaidi ya Mwenga, upande wa Shabunda. Hatukumjua. Simu zetu hazikugawiwa kwake. Mchezo ulimfikia kwa kunakiliwa kutoka simu hadi simu. Aliandika kwamba, kwa kuwa tulisema kila mtu aweza kuongeza, wanafunzi wake wameongeza abiria. Wamerekodi sauti wenyewe, wamechora picha wenyewe, na jina limeingizwa kwenye feuille de route. Mwishoni akaandika: Tumepima akipanda na akishuka. Haizidi.

Maman Riziki aliisoma sentensi hiyo ya mwisho mara mbili kwa sauti. Akaiingiza kadi kwenye simu, tukaendesha lori mpaka kituo kipya. Kulikuwa na msichana amesimama kando ya barabara, amechorwa kwa rangi mbili tu, kichwa kikubwa kuliko mwili. Alipanda juu ya magunia. Bourbier iliyofuata nilikosea hesabu makusudi, na yule mtoto akaanza kutusema kwa Kirega, haraka, bila kupumua, wenzake wakisikika wakicheka nyuma yake.

Atelier nzima hakukuwa na anayejua Kirega.

“Anasema nini?” Maman Riziki akaniuliza, akijifuta macho kwa ncha ya kikwembe alichojifunga.

“Sijue, Maman.”

“Basi uzamishe tena.”

Nikalizamisha.